Kura ya Chanuo

Chanuo, ndivyo walivyomwita wote, alikuwa msusi siku zote isipokuwa Alhamisi, siku ya kwenda barazani kutunga sheria. Msishangae. Kisiwa chao kilijitawala chenyewe, lakini kilikuwa kidogo, hata waziri wa barabara alikuwa na duka la misumari. Saluni ya Chanuo ilipokea vichwa vya vyama vyote, na umbea wa vyama vyote aliumeza, hakuutema.

Mkuu wa serikali alikuwa dada yake mkubwa, tumbo moja, chama kimoja. Chama chao kiliwazidi wapinzani kwa kiti kimoja tu, na sasa kilileta bajeti ya kufunga wodi ya wazazi ya kaskazini, ati wajawazito wakajifungulie mjini. Kwa barabara ile ya mashimo! Wanawake wa kaskazini ndio waliomchagua Chanuo, naye aliwaapia kwamba wodi haifungwi. Lakini bajeti ikianguka, mkuu anajiuzulu. Ndiyo sheria yao.

Asubuhi ya kura, ingawa ilikuwa Alhamisi na saluni imefungwa, dada alikuja kusukwa kabla ya baraza. Alibembeleza, akatisha, akakumbusha nani alimlea mwenzake mama yao alipofariki. Alikiri kwamba hata yeye bajeti ile haikumpendeza, ila chama kimeshaamua, na kiongozi hawezi kupinga chama chake. Chanuo aliendelea kusuka.

"Udogo nimezaliwa nao, dada," alisema. "Kura nimetumwa."

Barazani, spika alipouliza nani anapinga, wapinzani wakainua mikono. Chanuo naye akainua wake, juu kabisa, asije mtu akasema hakuuona. Bajeti ikaanguka. Dada akajiuzulu kwa maneno machache, akahamia viti vya nyuma, vya wajumbe wasio na cheo, bila kumtazama mdogo wake.

Jamani, iliuma. Chanuo alikwenda chooni akalia weee, akanawa uso, akarudi. Hakujuta hata chembe, na kazi ilikuwa haijaisha: ilibaki hoja ya kuilinda wodi isiguswe tena. Wenzake wa chama walikuwa wamenuna, wamekunja mikono vifuani.

Spika akaita wanaounga mkono. Chanuo hajanyanyua hata kiwiko, kule nyuma mkono mmoja ulishapanda.

Wa dada yake.