Gari Lililopiga Magoti

Jumamosi, 20 Aprili 1996. Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka. Mlima Rungwe haukuonekana siku nzima.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile, halafu nikaongeza mstari mmoja: "Leo tumemleta Tata." Basi. Mtu akilisoma daftari hilo atadhani ilikuwa siku njema. Mimi ni mtu wa darasa la saba, kuandika kwangu ni kwa kujikokota, lakini si kwa sababu hiyo niliyaacha mengine. Niliyaacha kwa aibu. Nitajaribu kuyaandika sasa kama yalivyokuwa, na nikijipendelea mahali, anayesoma anisamehe.

Tata ni baba yangu mzazi. Alikuwa anakaa peke yake Kinyala, mama alishatangulia, na kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua hata usingizi hapati. Daktari alitaka amwone kila wiki. Sisi tulikuwa Tukuyu mjini, mtaa wa Bagamoyo, mwendo mfupi tu hadi hospitali. Mwaka mzima nilimbembeleza aje akae kwetu, na mwaka mzima alinijibu neno lilelile: "Nitakaaje na mkamwana?"

Mkamwana ni mke wangu. Kwetu Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawakai chini ya paa moja, hawapitani njiani, hawaitani. Vijana wengi wa mjini wameshaliacha jambo hilo, na kanisani kwetu sikumbuki kama liliwahi kuhubiriwa wala kukatazwa. Lakini Tata na mke wangu walilishika tangu siku ya harusi yetu, miaka kumi na mmoja. Tulipokwenda Kinyala, mke wangu akisikia kikohozi cha Tata njiani, alikuwa anaingia migombani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Nami nilikuwa nikimwonea huruma, nikadhani ni mzigo. Siku moja nikamwambia hivyo. Akacheka.

"Mzigo gani, baba watoto? Mimi namheshimu, na yeye ananiheshimu. Akijua nipo jikoni anazunguka mbali, hata kwenye mvua. Wewe nani amewahi kukuzungukia?"



Basi ilitakiwa nyumba ya pili, na kiwanja chetu kilikuwa kidogo. Ndipo nikaiona ile karavani. Wageni waliotengeneza barabara walikuwa wamekwishaondoka, na kwenye kambi yao ya zamani, njia ya Kiwira, kilibaki kijumba cha bati jepesi chenye magurudumu mawili. Ndani kina kitanda, meza ya kukunja, na dirisha lenye pazia la maua. Mlinzi alikuwa anafugia kuku humo. Nilikinunua. Nikaenda kwa Tata nikamwambia: "Utakuwa na nyumba yako. Mlango wake nitauelekeza migombani, wa kwetu unatazama barabara. Hamtaonana hata siku moja. Nakuahidi."

Akaniuliza: "Unaniahidi wewe, au ananiahidi mkamwana?"

"Wote wawili."

Akakubali. Hilo ndilo jambo linalonibana moyoni mpaka leo: alikubali kwa ahadi, si kwa karavani.

Sasa, kuleta karavani mjini. Jirani yetu mmoja alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la chai, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Akaniambia, "Leta dizeli tu. Nikipata ruhusa Jumapili, nakuvutia mpaka uani, na mzee namkalisha hapa juu ya tairi kama mwenyekiti wa chama." Mke wangu akasema hilo limekwisha.

Mimi nikaona trekta ni aibu. Nacheka ninapoandika neno hilo hapa.

Niwe mkweli. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni. Halafu milango ikafunguliwa, kila kitu kikawa kinauzwa kando ya barabara, hata magari ya wakubwa. Mimi nilikuwa na duka la misumari na saruji, na pikapu kuukuu isiyonisumbua. Nikaenda Mbeya kwa dalali wa magari, nikaliona shangingi. Rangi ya kijani iliyoiva, viti vya ngozi, vioo vyeusi mtu wa ndani haonekani. Bei yake ilikuwa ya chini hata nikadhani sijasikia vizuri.

Yule dalali, nisimwonee, hakunidanganya. Wengine walimlaumu baadaye, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo. Aliniambia wazi: "Mzee, hili halina springi za chuma. Limebebwa na mifuko ya hewa, na ya nyuma inavuja. Ukilitumia kwendea kanisani, sawa. Usilifunge tela."

Nikamwuliza, "Na redio inafanya kazi?"

Ndivyo nilivyouliza. Niliiacha pikapu kwake, nikaongeza fedha, nikarudi na shangingi. Fundi wa mtaani akachomelea chuma cha kufungia tela. Naye alikunjakunja uso, nikamwambia achomelee tu.

Jioni ya kwanza nilimkalisha mke wangu kwenye usukani pale uani, nikamfundisha kukanyaga breki. Hakutaka. Watoto walishangilia, basi akakubali kwa ajili yao. Akasema, "Linanuka ofisi." Nikamwonyesha vile vioo vyeusi. "Unaona? Hata hili ni zuri kwa mila. Tata akiwa ndani, wewe humwoni." Akasema, "Kutomwona si kwa kioo," akashuka akaenda kuchambua maharage.

Siku yenyewe ningeweza kuileta karavani kwanza, kisha nikamfuata Tata kesho yake. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Mimi nilitaka aingie mjini amekaa mbele ya shangingi na nyumba yake ikimfuata nyuma, na iwe Jumamosi, watu wamejaa sokoni. Nilijiambia ni kwa ajili ya heshima yake. Labda nusu ilikuwa kweli. Siwezi kupima.

Nikamchukua Kinyala asubuhi. Alivaa koti lake la ibada na kofia. Alishika kile kiti cha ngozi kwa kiganja, akasema, "Ng'ombe huyu alikufa mbali." Tukashuka kambini, walinzi wakasaidia kufunga karavani. Gari likashuka kidogo nyuma. Nikaona. Nikasema litajizoea.

Njiani lilizidi kushuka. Taa za mbele zilikuwa zinaelekea juu kama gari linatafuta ndege. Tata alikuwa anakohoa taratibu kwenye leso. Tulipofika kwenye kile kilima cha kuingilia sokoni, mlio kama pumzi ndefu ukatoka chini yetu, na nyuma ya gari ikakaa. Tairi likasugua bodi, moshi, harufu ya mpira. Likagoma katikati ya barabara, karavani imepinda nyuma yake.

Nikashuka. Watu walikuwa wamekwisha kusogea.

"Jamani, shangingi limepiga magoti!"

"Limeona msalaba wa kanisa!"

"Bosi, liambie ibada imekwisha, liinuke!"

Nami nikacheka nao, cheko la meno tu. Yule jirani yangu wa trekta alikuwepo sokoni, akachungulia chini, akasema, "Hili halina ugonjwa. Limechoka kubeba sifa. Ifungue karavani tuisukume pembeni, kisha nifuate trekta." Ushauri mzuri. Lakini pale ni kilima, breki ya mkono ilikuwa haishiki, na ilitakiwa mtu akae kwenye usukani akanyage breki wakati mimi na wanaume tunafungua tela. Mimi ndiye niliyejua kufungua koki, kile chuma kinachoshika tela. Nikatazama huku na huku, nikamwona mke wangu.

Alikuwa na wanawake wa ndizi, upande wa pili wa barabara, kikapu mkononi. Alikuwa amejifunika kanga kichwani na kutugeuzia mgongo.

Nikamwita. "Mama watoto! Njoo ukanyage breki!"

Hakugeuka. Nikadhani anaona haya mbele ya watu. Nikadhani ananiacha peke yangu na kicheko chao. Hapo hasira ikanipanda, nikapaza sauti: "Nakuita wewe! Unaogopa gari? Si nilikufundisha?"

Watu wakacheka, halafu wale wa umri mkubwa wakaacha kucheka. Sikuelewa kwa nini. Mama mmoja muuza ndizi akasema kwa sauti ya chini, "Gwe, wewe baba, hapana." Nami nikaita mara ya tatu.

Mke wangu akaanza kuja. Alikuja kinyumenyume, kanga imeshuka mpaka kidevuni, hatua moja, hatua nyingine, akijipapasa kwa miguu kwenye matope. Ukimwona mwanamke wa kwetu anatembea hivyo huhitaji kuuliza, mkwewe yuko karibu. Na mimi, mume wake, hata hapo sikukumbuka. Vile vioo vyeusi! Kwa nje gari lilikuwa tupu. Kwenye kichwa changu pia lilikuwa tupu. Tata nilikuwa nimemsahau kabisa, yeye ambaye yote haya yalifanywa kwa ajili yake.

Mlango wa upande wa pili ukafunguka. Kofia ilitoka kwanza, imeshushwa juu ya macho. Kisha mguu, ukatafuta ardhi mbali, kwa kuwa mbele ya gari ilikuwa imeinuka. Akashuka kwenye mvua yule mzee, bila fimbo, fimbo ilibaki ndani. Akageuza uso wake kwenye ukuta wa maduka, akaanza kuondoka huku akiupapasa ule ukuta kwa mkono, akikohoa. Hakuharakisha. Alikuwa anampa mkamwana nafasi ya kupita.

 Hata vijana wa stendi waliokuwa wakinitania walirudi nyuma kumpisha, na wengi wao mila hii waliisikia tu.

Mwenye mgahawa wa chai pale, mzee Mwislamu mwenye kofia nyeupe, alitoka akamshika mkono. "Karibu ndani, mzee mwenzangu. Nina chai ya tangawizi na moto upo." Akanitazama mara moja tu. Sikuwahi kutazamwa vile tena.

Mke wangu alipanda, akakanyaga breki, uso ndani ya kanga. Nilifungua ile koki, wanaume wakaisukuma karavani pembeni. Alipomaliza alishuka akachukua kikapu chake akaenda zake. Ndizi zilikuwa ndani bado, hakuangusha hata moja.

Trekta likaja. Likavuta karavani kwanza, mpaka uani, na mlango tukauelekeza migombani kama nilivyoahidi. Kisha likarudi kuvuta shangingi. Tata alikuja mwisho, juu ya trekta, amefunikwa turubai la chai, amekaa palepale juu ya tairi palipotajwa tangu mwanzo. Jirani yangu hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Nilimwingiza Tata kwenye nyumba yake, nikamvua koti, nikalitundika. Nikasema, "Tata, nimekosa." Akasema, "Funga pazia, baridi." Sikujua kama atakaa au ataniambia kesho nimrudishe Kinyala, na Kinyala kifua kile kisingemaliza masika. Hilo wote wawili tulilijua.

Jikoni mke wangu alikuwa anapika. Alipakua sahani moja, akaifunika kwa nyingine, akanisukumia. Kwa desturi ya nyumba yetu watoto ndio wangepeleka. Siku hiyo aliwatazama watoto, wakabaki wamekaa.

Nikapeleka. Tata akafunua sahani, akanusa.

"Kapika yeye?"

"Yeye."

"Mwambie sikuona kitu. Ulipoanza kuita, nilifumba macho. Nikafungua nilipogusa ukuta."

Nikarudi jikoni nikamwambia. Akaacha mwiko. "Mwambie na mimi nilikuwa nimejifunika. Niliona miguu yangu tu." Nikatoka tena kwenye mvua, nikamwambia Tata. Akaitikia kwa kichwa polepole, akakata kipande cha ndizi.

"Basi ni vizuri. Jumatatu nitakwenda hospitali. Kwa miguu, hapa ni karibu. Kwenye gari lako usinipandishe tena."

Nikaelewa kwamba atakaa. Nilirudi jikoni mbio kama mtoto, nikamweleza mke wangu. Akashusha pumzi, akafuta macho kwa pindo la kanga, labda ni moshi wa jikoni. Kisha akaniuliza, "Na wewe uliona?"

"Niliona."

"Basi hilo limebaki lako."

Akanipakulia. Watoto walikula na mama yao jikoni, mimi nikakaa kizingitini kwa kuwa palikuwa pamejaa, au nilijiambia pamejaa. Tulikula ndizi za kupika na maharage, na majani ya maboga. Maziwa ya mgando yalikuwa kibuyu kimoja tu, nayo yote alipelekewa Tata.