Samaki wa Bahari Aliyefika Pito

Mama yangu hakuwahi kuamini kwamba mtu anaweza kulipwa mshahara kwa kuchunguza samaki asiyeliwa. Miaka tisa niko Tanga kwa kazi hiyo, na kila nikipiga simu aliuliza lini narudi kulima. Habari za Tanga hakuuliza hata siku moja. Iliniuma, nisiseme uongo. Basi likizo hii nikaamua kumletea ushahidi.

Ushahidi wenyewe ulikuwa na urefu wa kidole, madoa ya kahawia na macho yaliyotoka. Ni wale samaki wanaobaki kwenye vidimbwi vya miambani maji yakipwa. Wavuvi hawajasumbuka hata kumpa jina. Nilisafiri naye siku mbili ndani ya ndoo ya maji ya bahari, na kimashine cha betri cha kumpulizia hewa. Kondakta akauliza kama ni mbegu ya kufuga. Nikasema ndiyo.

Tulifika salama kijijini kwetu Pito, mbali kabisa na bahari. Mama alimtazama weee.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Haya." Akarudi kupepeta ulezi.

Nikachukua bodaboda kwenda Katandala kumwamkia shangazi, maana usipofika siku ya kwanza, utasikia habari zako kanisani.

Niliporudi, ndoo ilikuwa inang'aa. Mama alikuwa ameisugua kwa majivu, akajaza maji safi ya kisimani. Samaki alikuwa anaelea kiubavu.

"Mama! Maji yake yako wapi?"

"Yale? Nimeonja, chumvi tupu. Nimewapa ng'ombe wa jirani." Jirani yetu ni Msukuma, mfugaji. "Wameyagombania hao!"

Nikakimbilia jikoni, nikamwaga pakiti nzima ya chumvi kwenye ndoo. Kazi bure. Samaki alishakufa.

Nilipandwa na hasira, haki ya Mungu. "Siku mbili nimembeba hajafa, wewe umemmaliza kwa saa moja!"

Mama alifuta mikono kwenye kitenge. "Nilimwona anafungua mdomo, anafunga. Mgeni katoka mbali, ana kiu. Ningemnyima maji?"

Mama aliendelea kuitazama ile ndoo.

"Na wewe, mwanangu," akasema, "huko kwenye maji ya namna ile, unakunywa nini?"

Nikaanza kumweleza habari za Tanga, machozi yananitoka. Nilimwambia namlilia samaki.