Kikombe cha Maziwa ya Moshi

Sisi tuliokulia Kiwanjani kabla simu hazijajaa mifukoni, uchumi tulijifunza kwa tumbo. Juzi binti yangu alinionyesha michoro yake ya chuo, mstari mmoja unapanda, mwingine unashuka, kama vile ni habari mpya. Nikamwambia, mwanangu, hayo mimi nilishayanywa.

Mama alikuwa na ngamia waliochungwa na mjomba, na maziwa yao aliyatia kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Jirani yetu Mama Kawira, mkulima aliyeshuka kutoka Meru, alipopewa mara ya kwanza alionja kidogo, kisha akanong'ona kwa huruma, "Pole Mama Halima, maziwa yako yameungua." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Lakini haukupita muda, watoto wa jirani wakawa wanakataa chai isiyonukia moshi. Soko lilizaliwa hivyo, mbele ya macho yetu.

Wakakubaliana: kikombe cha bati chenye maua mekundu kiende na maziwa, kirudi na maharagwe. Wakati wa mvua maziwa yalikuwa ya kumwaga, na Mama Kawira angeweza kudai vikombe viwili. Hakudai. Kiangazi kilipokuja, wachuuzi wakayagombania sokoni, na nyanya akamshauri mama naye adai maharagwe mara mbili. Mama akasema, "Kikombe ni kile kile." Mimi nilinuna, maana chai yetu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

Mwaka huo ukame ukazidi. Mjomba akarudi na fimbo tu, ngamia wote wamekufa. Tulilala na uji mwepesi, nikamsikia mama akijiuliza kesho atatupikia nini. Asubuhi Mama Kawira alisimama mlangoni na kile kikombe, kimejaa maharagwe.

"Leo sina cha kukujazia," mama akasema.

"Kwani nimeuliza?"

Alikuja kila siku mpaka mvua iliponyesha. Sijawahi kula maharagwe matamu kama yale.

Leo maziwa ni ya pakiti, yanaletwa na bodaboda kabla hujamaliza kuagiza, na silalamiki, nayanywa vizuri tu. Jumamosi nilimpelekea Mama Kawira pakiti mbili. Amezeeka sasa. Akajimiminia kwenye kikombe kile kile, maua yamebaki mawili, akaonja polepole, kisha akanitazama kwa huruma.

"Pole, Halima," akasema. "Haya hayajaungua."