Chungu Kisichorudishwa

Pei Suhe alikuwa na mikono mipana ya rangi ya udongo, iliyopasuka kila kidole. Kazi yake tangu nimfahamu ilikuwa kuosha mizizi ya dangshen, kuitunga kwenye uzi na kuisugua ubaoni mpaka ilainike. Nyumba yangu na yake zinatenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo nilizoea kumsikia akiitukana mizizi kama wengine wanavyotukana mbuzi. Mizizi hiyo hupelekwa mijini ikawatie watu nguvu. Yeye mwenyewe hakuijua ladha yake mpaka mwaka ule alipoishiwa nguvu.

Ilikuwa baada ya mavuno. Akisimama jikoni anashikwa na kizunguzungu, akibeba kikapu analalamika kwamba matumbo yanataka kumdondoka. Mganga wa mitishamba alimshika mkono, akasikiliza mishipa, akasema nguvu zake zimeporomoka na lazima zinyanyuliwe. Akamfungia pakiti za dawa: mizizi ya huangqi kwa wingi, dangshen, mizizi mitamu ya urukususu, maganda makavu ya chenza na majani mengine nisiyoyajua. Suhe hakuwa na chungu cha kuchemshia, akaazima kwa dada yake Cuilian, ng'ambo ya kijito. Dawa ikamkubali. Haukupita muda nikamsikia anatukana mizizi tena, nikajua amepona.

Kwetu chungu cha dawa hakirudishwi. Ukikirudisha, umempelekea mwenyewe ugonjwa mlangoni. Kinakaa kwako mpaka yeye akihitaji, ndipo aje akichukue. Mila hii nimekua nayo na sikuwahi kuiona ubaya wake, mpaka ilipowakuta hawa ndugu wawili.

Suhe alimwoza mwanawe, Jianbin. Karamuni, Cuilian alipochangamka kwa pombe, aliwaambia wanawake wa meza yake kwamba bibi harusi anaonekana kama shangazi wa bwana harusi. Watu wakacheka. Binti wa watu akalia. Suhe akamfuata dada yake mbele ya wageni.

"Dada, kwangu usikanyage tena mpaka mdomo wako upate adabu."

"Nije kutafuta nini?" Cuilian akajibu. "Tambi zako zenyewe ngumu kama mshipi."

Basi wakanuniana. Wakikutana sokoni, mmoja anatazama viazi, mwingine anatazama mbingu. Wanawake wazima, wenye mvi. Mimi walinichosha.

Baridi ilipoingia, Cuilian alipata kikohozi kilichomwacha hoi, hata kujiinua kitandani ikawa kazi. Mganga akamwandikia dawa ileile ya kunyanyua nguvu. Habari ilipomfikia Suhe, aibu hata kusema, alifurahi.

"Sasa atakuja," akaniambia. "Chungu chake kiko huku. Atakwenda wapi?"

Akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa, akakiweka dirishani. Kila asubuhi akawa anakanda unga wa tambi, laini kweli safari hii, na kila jioni wanazila wenyewe, yeye na wa nyumbani kwake, kwa sababu mgeni hakutokea. Uvumilivu ukanishinda. Nikamwambia akibebe ampelekee, kijito chenyewe cha kuruka tu.

"Nimpelekee dada yangu ugonjwa, na alivyo mgonjwa?" akaniuliza.

Ningekuwa mimi, nisingethubutu pia.

Cuilian alifariki kabla theluji haijayeyuka. Suhe alivuka kijito mbio bila kufunga kitambaa kichwani, nami nyuma yake. Ndani alikuta pakiti za dawa zimepangwa kwenye rafu, zimefungwa vilevile, hata moja haijaguswa. Mganga alikuwepo, akasema mapafu yalikuwa yamekwisha na dawa pengine isingefua dafu. Suhe hakumsikiliza. Alimgeukia shemeji yake, mzee Delu, akamuuliza kwa nini hakununua chungu kingine, vimejaa sokoni.

"Nilitaka, shemeji. Akasema nikiingiza chungu kingine humu ndani, ndiyo nimemzika mdogo wake angali hai." Mzee alipangusa pua kwa mkono wa koti. "Nikataka kuja kukichukua mimi, akakataa. Alisema atakuja mwenyewe, akipata nguvu kidogo za kutembea."

Nguvu zenyewe zilikuwa kwenye pakiti, na za kukifuata chungu hakuwa nazo. Nilitamani kumpiga mtu, sikujua nani.

Suhe aliuliza polepole, "Alijua kwamba nimekisugua?"

"Alijua. Nilimwambia nimekiona dirishani. Siku hiyo alifurahi, akaniomba nimvalishe viatu. Akafika pale mlangoni, akashika mwimo, akasimama muda mrefu. Halafu nikamrudisha kitandani."

Suhe alikwenda akasimama pale mlangoni, akashika mwimo. Ng'ambo ya kijito dirisha lake lilionekana wazi, na chungu ndani yake.

"Mimi nilikuwa nakanda unga," akasema. "Sikutazama nje."