Mlango wa Mama

Nyumba tuliyojengewa Igogo ilikuwa imara, na sitaki mtu aseme sina shukrani. Msingi wake ulikuwa wa mawe na zege, nondo zimezunguka kuta, bati limefungwa barabara. Mvua iliyoporomosha tope na mawe juu ya nyumba yetu ya zamani, kule mlimani, isingeitikisa hii. Hasira yangu ni nyingine. Waliijenga bila kumuuliza mama yangu atapita wapi akienda chooni.

Kule juu, mimi na mume wangu tulikaa nyumba ya mbele, na mama alikuwa na chumba chake uani, kimeegemea jabali, chenye mlango wake. Mume wangu alikuwa akikohoa kabla ya kutoka nje. Mama akimsikia, anarudi ndani. Kwetu Wasukuma, mwanaume na mama mkwe wake hawakutani ovyo, hawali pamoja, wala hawalali nyumba yenye mlango mmoja. Hawa wawili walisalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama pembeni, na waliheshimiana kuliko watu wengi ninaowajua wanaokumbatiana.

Tope lilibomoa nyumba ya mbele. Chumba cha mama kilibaki, lakini maji yalikuwa yamekomba udongo chini ya jabali lile, na kila aliyelitazama alisema hapo si pa kulala tena.

Watu wa mradi wa kuwajengea waliobomolewa na tope wakatuandika kaya moja, wakatujengea nyumba moja chini kwenye tambarare. Mlango mmoja. Sebule finyu, vyumba viwili vinavyotazamana, kuta za ndani hazifiki juu, ukijigeuza kitandani huku unasikika kule. Choo nacho kilifungukia sebuleni. Siku ya kukabidhiwa ufunguo walitupanga mlangoni tupigwe picha. Mama akajifunika kanga usoni, mume wangu akajificha nyuma ya mpiga picha. Kijana mmoja wa mradi, hata shikamoo hakutoa, akamvuta mume wangu arudi mlangoni, kisha akamsukuma mama begani taratibu. "Bibi, sogea karibu na mwanao." Mwanao! Mkwewe huyo! Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja na dawa bila kuuliza ugonjwa.

Jioni ile mama akakunja mkeka wake, akapanda kurudi chumbani kwake. Nilimfuata nikilia kwa hasira.

"Mama, jiwe litakuua!"

"Jiwe halina aibu," akasema. "Mimi ninayo."

Mume wangu akaamua kulala kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma, ili mama ashuke. Mama alipojua akakasirika kabisa. Mwanaume afukuzwe kwa mke wake na mama mkwe? Akakataa kushuka, na mume wangu naye akakataa kurudi. Basi nyumba imara kuliko zote mtaani nikalala ndani yake peke yangu, kila wingu likitanda juu ya ziwa moyo unanienda mbio.

Nikaenda ofisi ya mradi, Mkuyuni. Mtaalamu akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia mila hizo zimepitwa na wakati, bibi atazoea. Nikamuuliza kama yeye anaoga bafu moja na mama mkwe wake. Akacheka. Mimi sikuwa natania. Niliomba mlango mmoja tu upande wa nyuma, na ukuta ufike juu. Akajibu kuwa ramani haibadilishwi, na tukigusa ukuta nyumba haitahesabiwa kuwa salama. Salama kwa nani, nikamuuliza.

Tukaugusa. Mume wangu alileta fundi mwashi, wakatoboa ukuta wa nyuma wa chumba kimoja, wakaweka linta, boriti ya zege, juu ya tundu, wakaziba mlango wa ndani na kupandisha ukuta hadi kwenye bati. Mlango wenyewe wa chuma aliuchomelea yeye. Uani tukachimba choo cha mama. Alipokuja kuangalia, akapitisha kiganja kwenye fremu.

"Mwambie mume wako nimeshukuru," akaniambia.

Mume wangu alikuwa amesimama palepale, ametupa mgongo. Nikamwambia. Mama akahamia.

Mvua kubwa ikarudi. Matope hayajakauka, mkaguzi wa mradi akafika, akaupima mlango wa mama kwa futi yake na kutikisa kichwa. Akasema tumeharibu nyumba, tuuzibe. Nikampandisha mlimani, anateleza na viatu vyake vya ofisini, mpaka uani kwetu kwa zamani. Chumba cha mama hakikuwepo. Jabali lilikuwa limekaa pale kilipokuwa kitanda chake, bati limekunjamana chini.

Akainama akaligusa lile bati, nikadhani ameelewa.

"Poleni sana," akasema. "Lakini ule mlango haumo kwenye ramani."