Majani Yanayoruka Ukuta

Yalikuwa na maji. Hilo ndilo lililoninyima usingizi: majani ambayo jirani aliturushia asubuhi ile yalikuwa na maji, nami sikujua kama ni umande au ni dawa.

Ningejua mapema, nisingeyaacha. Lakini nilikuwa nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni, nikaona furushi likiruka ukuta kama kila asubuhi na kuanguka karibu na banda. Mama kuku akalikimbilia, vifaranga wake tisa nyuma yake. Nusu saa baadaye, nilipopanda juu ya tofali kufunga kamba ya nguo, nilimwona jirani ameinama katikati ya mahindi yake, peku, suruali imekunjwa hadi magotini. Mkononi alikuwa na chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko kwa msumari, ananyunyizia nyasi. Maji ya chupa yalikuwa ya kijani iliyoelekea buluu.

Nimesoma kemia. Nilimaliza mwaka uliopita, na tangu hapo nangoja majibu ya barua nilizopeleka kwenye maabara za migodi. Mtu aliyesoma kemia anapaswa kuitazama rangi ile na kusema jambo. Mimi nilijua mambo mawili tu. Kwamba kuna dawa kali za kuua nyasi zenye rangi kama ile, na kwamba sokoni dawa hupimiwa kwenye chupa yoyote, bila karatasi, na rangi peke yake si jina. Kama alinyunyizia kwanza ndipo akang'oa, vifaranga wamekula sumu. Kama aling'oa kwanza, wamekula majani. Kama aling'oa upande mmoja na kunyunyizia upande mwingine, lakini kwa mikono ileile? Nilizunguka hapo mpaka jogoo wa watu akawika.

Kulipokucha niliwahesabu. Tisa.

Lazima nieleze habari ya majani. Tunakaa Annexe, pembezoni mwa jiji; lupango letu, yaani kiwanja chetu, na la mzee yule yanatenganishwa na ukuta wa tofali za udongo. Yeye alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu. Tangu sijazaliwa, mvua zikianza, hupalilia kila asubuhi na kuturushia magugu kwa ajili ya kuku. Hatumwombi, na hatumlipi. Mama humpelekea mbolea ya bandani, basi. Furushi likianguka mama husema "Aksanti, papa" bila kuinua kichwa, na siku imeanza. Mwaka ugonjwa ulipomaliza kuku wetu wote, ni yeye aliyebeba kuku jike mmoja kifuani, akapita mlangoni badala ya ukutani, akampa mama. Huyo ndiye mama wa vifaranga tisa. Hatuna wengine.

Asubuhi hiyohiyo, siku ya pili, nililingoja furushi. Lilipoanguka nililisukumia kwenye gunia kabla kuku hajalifikia. Akasimama mbele yangu, akanitazama kwa jicho moja. Sauti ya mzee ikatoka upande wa pili:

"Kuku zilikula?"

"Zilikula, papa."

"Zinapenda ile ya maua nyeupe."

"Zinaipenda sana."

Nikabaki na gunia. Kulimwaga kwenye shimo la mbolea sikuweza, maana mbolea ile ndiyo tunayowekea lengalenga tunazokula. Nikilichoma, kuna moshi. Nikilitupa barabarani, kuna kuku wa watu. Nikalificha nyuma ya choo. Siku ya tatu yakawa magunia mawili, na banda nililifunga kabisa.

"Juu ya nini kuku iko ndani mpaka saa hii?" mama akauliza. Alikuwa amekaa kizingitini akichambua matembele.

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia kwenye rangi na kurudi nyuma.

"Ulimuona anatia dawa ku ile majani?"

"Sikuona."

"Kuku ilikufa?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Ndiyo siyue, mama." Kweli sikujua.

"Balikufundisha myaka tano juu ya kusema 'siyue'?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kama unaogopa, enda umuambie. Lakini umuambie muzuri. Ule muzee mugongo yake ilikufa. Batoto yake bote bako Kambove, banatafuta mawe ya madini. Asipotia dawa, nani atamulimia? Na wewe unawaza kuku tu. Yeye mwenyewe anaishika na mikono."

Akafungua banda, kuku wakatoka mbio. Mimi nilibaki nimesimama. Siku tatu nilikuwa nimewaza matumbo ya vifaranga, na miguu ile iliyokuwa peku kwenye nyasi zilizolowa nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, nikaipita.

Mchana nilijiandalia maneno. Kwanza niliyapanga kama mtu wa kemia, yakawa ya kiburi. Nikayapanga kama mtoto, yakawa ya uongo. Mwisho niliamua kuanza na mgongo wake, kisha nifike polepole kwenye chupa. Nikaenda kugonga.

"Dokta ya kuku," akasema akifungua; ndivyo alivyoniita tangu nianze chuo. "Ingia. Njoo uone kazi."

Alinipeleka katikati ya mahindi. Nyasi zilikuwa zimelala, njano, kana kwamba mtu amezimwagia maji ya moto.

"Siku mbili tu. Bila jembe. Na vile nilikuwa nalia na huu mugongo."

"Ni dawa gani, papa?"

"Ya nyasi."

"Jina yake?"

"Muntu mwenye aliniuzisha alisema dawa ya nyasi. Nimuulize na jina ya baba yake?"

"Na majani ya kuku, papa. Unaing'oa upande gani?"

"Kila upande. Yenye iko kijani." Akacheka. "Nitakupa majani ya kukauka? Mi niko muntu mubaya?"

Yenye iko kijani. Jani lililo kijani leo huenda lilinyunyiziwa jana. Sentensi ile ilikuwa tayari mdomoni mwangu, na mwanzo wake, na heshima zake zote. Akaninyooshea karanga za kuchemsha kwenye kiganja. Niliviona vidole vyake, nikasema nimetoka kula sasa hivi. Alinitazama kidogo, akazirudisha mfukoni. Nikarudi nyumbani na maneno yangu yote, hakuna hata moja lililopungua.

Usiku ule mvua ilinyesha kwa nguvu. Asubuhi walikuwa wanane. Wa tisa alikuwa amelala ubavu karibu na kopo la maji, miguu imenyooka.

"Mvua," mama akasema.

Nilimpiga picha, nikamtumia rafiki niliyesoma naye. Akajibu kwamba inaweza kuwa baridi, inaweza kuwa chochote. Nilikaa na kile kifaranga mkononi. Hakikuwa na uzito wowote. Nilikuwa na diploma ndani ya bahasha ya plastiki, chini ya godoro, na sikuwa na njia ya kujua kitu kidogo kama kile kimekufa kwa nini. Nisingejua leo, na kesho nisingejua. Kesho kungekuwa na furushi, gunia na uongo mwingine.

Furushi likaanguka.

"Kuku zilikula?"

Nilisukuma majani kwenye gunia, nikachukua jembe la mama, nikazunguka kwa njia ya mlango.

"Jambo, papa. Kuku hazikukula. Siku mbili hazikukula, na leo pia. Naificha mu gunia."

Alikuwa bado amesimama ukutani, mkono mmoja kiunoni. "Juu ya dawa?"

"Juu ya dawa. Moja imekufa leo. Siyue kama ni dawa. Inaweza kuwa mvua. Lakini ile dawa siijue, papa, na wewe unaishika na mikono."

Akavitazama vidole vyake. Nilifikiri atanifukuza, na nilifikiri pia nitakavyomwambia mama.

"Na yenye ilibakia, niimwage wapi?"

"Siyue. Tusiimwage. Tuifunge kwanza, iwekwe mbali."

"Dokta hayue." Akakaa taratibu kwenye kiti chake. "Basi hii mahindi atalima nani?"

Nikamwonyesha jembe. "Kila asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Na majani nitapeleka mwenyewe, ile ya upande wenye haukutia dawa."

"Ile jembe unaishika sawa kijiko."

"Utanionyesha. Lakini unawe kwanza, papa."

Akasema alishanawa. Sikuondoka. Mwishowe akanyoosha mikono mbele, nami nikammiminia maji, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni. Kisha akainuka kwa shida, akanionyesha pa kuanzia.