Maji ya Mbwa wa Bi Maureen

Jumamosi. Miaka sita na miezi miwili tangu nitoke Wete.

Jamani, leo polisi wamemchukua mbwa wa watu kwa sababu yangu.

Jirani yangu huku ughaibuni, hapa Woolwich, bibi wa Kizungu aitwaye Maureen, kavunjika mguu. Mbwa wake ni wa ile aina kubwa iliyopigwa marufuku. Ana kibali, ila nje lazima afungwe mdomo.

Akaniomba nimtembeze. "Usimfungue mdomo," akasema, mara mbili.

Jua kali, mbwa anahema.
Nikakumbuka tulivyofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani: aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake.
Nikamfungua mdomo, nikamtilia maji kwenye kofia yangu ya kazini.
Nikajiona mtu wa peponi!

Mara polisi wawili hao.
"Afande, ana kiu tu."
"Ungemnywesha nyumbani."

Wakampakia garini. Hakimu anaweza kuamuru auawe.

Nilimweleza Maureen huku natazama viatu vyangu. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Alimaliza kunywa?"

Hakumaliza.

Mngekuwa nyinyi mngemjibu nini?

Mama, nilisema narudi Shaabani nije kufunga nanyi. Nisamehe. Siji mpaka mbwa arudi kwa mwenyewe.